"Mbona Nilikuwa Nimebloki?"

Banda la gemu ninalolizungumzia halina jina wala bango. Liko uchochoroni, si mbali na stendi ya Buzuruga, Mwanza, mahali ambapo sauti za makonda wa Barabara ya Musoma zinafika zikiwa zimeshapungua ukali. Ndani kuna TV nne. Tatu ni za mpira tangu mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa. Ya nne, ya chogo, imesukumwa kona kwa ajili ya wale ambao watoto wanawaita watu wa mapanga. Gemu la mapanga ni gemu lolote ambalo watu wanapigana kwa kitu cha mkononi: upanga wa samurai, sime, shoka, hata gongo. Utaratibu ni uleule wa mpira: mshindi anabaki, aliyepigwa analipa mia mbili na kuachia pedi.

Jumamosi moja akaingia dogo wa miaka kama kumi na miwili. Aliweka mia mbili yake mezani kabla hajacheza, jambo ambalo pale ni sawa na kukiri mapema kwamba utapigwa, ila yeye hakulijua hilo. Gemu lilikuwa Soulcalibur III, la PlayStation 2. Dogo akamchagua Mitsurugi kwa sababu ya upanga wake mrefu. Mpinzani, kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria, akamchukua Kilik mwenye gongo. Raundi ilipoanza dogo akasimama tu. Gongo likamshukia kichwani, tumboni, miguuni, naye amekodoa macho, vidole vimetulia juu ya pedi.

"Mbona habloki?" akauliza, kama anayemlalamikia mtu aliyemo ndani ya TV.

"Habloki mwenyewe, unambloki wewe," bodaboda akamjibu bila kugeuka.

"Kwenye simu anabloki mwenyewe!"

Watu wakacheka. Nilicheka nao, kisha nikagundua kwamba dogo alikuwa anasema kweli tupu. Watoto wengi wa rika lake upanga wa kwanza wameushika kwenye simu, na kwenye simu gemu la mapanga lililosambaa sana ni Shadow Fight 2 la kampuni ya Nekki, lililotoka 2014. Humo hakuna kitufe cha kukinga. Ukiacha kupiga ukasimama, yule mtu mweusi kama kivuli anainua mikono au silaha na kulipokea pigo mwenyewe. Sababu ni ya kawaida kabisa: kioo cha simu ni kidogo, vidole gumba ni viwili, kimoja kinaendesha miguu na kingine kinapiga. Cha tatu cha kubonyezea kinga hakipo. Kwa hiyo mashine inakinga, na dogo, aliyelelewa na mashine hiyo, alipofika kwenye pedi ya PlayStation alisubiri afanyiwe alichozoea kufanyiwa.

Mjadala wa kinga ya mkono na kinga ya mashine huwa unaendeshwa kwa dharau. Anayekinga kwa mkono anamwona mwenzake mtoto wa kubebwa. Anayekingiwa anamwona mwenzake mtu wa kujitesa. Nimecheza vya kutosha vya pande zote mbili, na ninadhani wanagombania pasipo na ugomvi. Swali lenye uzito ni bei. Kinga, iwe ya kidole chako au ya programu, inakutoza nini? Gemu likitoza vizuri, hata ngao inayojinyanyua itakulazimisha kufikiri. Lisipotoza, hata kitufe unachokibonyeza kwa mkono wako kitakuwa kitanda cha kulalia.

Kiswahili chenyewe kinasaidia kuliona hili. Anayesikiliza mpira redioni anajua kwamba kipa anayedaka na kipa anayepangua wamefanya kazi mbili tofauti. Kwenye upanga nako, kukinga ni kuweka kitu kati yako na pigo, kisha kusubiri. Kupangua ni kulifuata pigo na kulitupa pembeni. Kukwepa ni kuuondoa mwili pale pigo linapoelekea. Karibu siku zote kinachofanywa na mashine kwa niaba yako ni hilo la kwanza. Kupangua wanakuachia wewe, kwa sababu kunahitaji wakati, na wakati ndiyo bidhaa yenyewe inayouzwa katika magemu haya.

Pande zote mbili ni za zamani. The Legend of Zelda ya kwanza, ya Nintendo, ni ya 1986. Link anashika upanga mkono mmoja na ngao mkono wa pili, lakini kitufe cha ngao hakuna. Akiwa amesimama au anatembea, jiwe au mshale ukija kutoka mbele yake, ngao inaupokea. Akiwa katikati ya kupiga, haipokei kitu. Angalia bei ilivyowekwa: hulipi kwa kitufe, unalipa kwa kuchagua uelekee wapi na kwa kuuzuia mkono wako usipige ovyo. Miaka mitatu baadaye, 1989, Jordan Mechner akatoa Prince of Persia kwenye kompyuta ya Apple II. Mapigano yake aliyachora kwa kufuatisha, picha baada ya picha, pambano la Errol Flynn na Basil Rathbone katika filamu ya Robin Hood ya 1938. Humo kukinga ni mshale wa juu wa kibodi, na unaubonyeza wakati upanga wa askari uko njiani. Ukiwahi mno au ukichelewa, umechomwa. Gemu hilo lilijaa kwenye kompyuta za miaka ya tisini, na nina hakika lipo kundi la wazee wenye vyeo leo ambao kitu cha kwanza walichojifunza kwenye kibodi ni kukinga upanga.

Magemu ya ngumi yaliendelea na mvutano huohuo. Street Fighter II ya Capcom, 1991, inakutaka urudishe kijiti cha kuongozea nyuma ili ukinge, maana yake huwezi kukinga huku unasonga mbele. Mortal Kombat ya mwaka uliofuata ikaweka kitufe maalumu. Lakini wote wawili walijua hatari ya mtu kujificha, wakaweka kodi: pigo maalumu likikingwa bado linamega uhai kidogo. Mtu aliyebaki na tone moja la damu hawezi tena kujificha nyuma ya kinga.

Pambano maarufu kuliko yote ya aina hii linathibitisha hilo. Mwaka 2004, huko Pomona, California, kwenye mashindano ya Evo, Daigo Umehara alikuwa na mhusika Ken aliyebakiwa na uhai usioonekana, akicheza na Justin Wong aliyekuwa na Chun-Li. Gemu lilikuwa toleo la tatu la Street Fighter III. Wong akaachia pigo kuu la mateke kumi na matano. Kukinga kusingemsaidia Umehara, maana kila teke lililokingwa lingemmega, na la kwanza tu lingemmaliza. Akapangua. Katika gemu hilo kupangua ni kusukuma kijiti mbele, kuelekea pigo, sekunde ileile linapofika. Akafanya hivyo kwa mateke yote kumi na matano, kisha akamuua mwenzake. Kinachosahaulika na wanaoitumia video hiyo kutetea kinga ya mkono ni kwamba kinga ya mkono ilikuwepo na haikuwa na faida. Kilichofanya pambano liwe pambano ni bei iliyowekwa juu ya kinga.

Sasa njoo Tekken. Hapa hoja ya wanaodharau kinga ya mashine inaanguka kabisa, maana watu hao hao wanaiheshimu Tekken kuliko gemu lolote. Katika Tekken ukiacha pedi bila kugusa kitu, mtu wako anakinga mwenyewe mapigo ya juu na ya kati. Ndiyo, ni kinga ya mashine. Lakini teke la chini linapita. Ukihofia la chini ukachuchumaa, la kati linakuvunja. Basi mashine imekunyanyulia ngao na kukuachia swali moja gumu: huyu atapiga juu au chini? Mtu anaweza kutumia miaka kumi kulijibu. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka 2018 kwa kucheza Tekken, na sijasikia mtu akisema mchezo wake ni wa kubebwa kwa sababu mhusika wake anakinga akiachwa.

Na katika Tekken hiyohiyo kuna Yoshimitsu, mwenye upanga. Tekken 3, iliyotoka kwenye PlayStation mwaka 1998, ndiyo iliyowafundisha wengi wetu gemu la mapigano, na kila banda lilikuwa na mtu wake wa Yoshimitsu. Baadhi ya mapigo yake ya upanga hayakingiki kabisa. Mashine inakukingia ngumi na mateke, ila upanga ukija, inakuacha mwenyewe. Yanakuja polepole ili uyaone, na huna la kufanya isipokuwa kukwepa au kumpiga kabla hajamaliza. Tena anaweza kujichoma tumboni, upanga ukatokea mgongoni na kumkamata aliyekaa nyuma yake. Nakumbuka kicheko cha banda zima mtu alipojiua kwa namna hiyo akiwa anaongoza. Wabunifu wa Namco walielewa kwamba ukimpa mtu kinga ya bure, lazima uache silaha moja ambayo kinga hiyo haiijui.

Namco haohao, kwenye mapanga halisi, walikwenda njia nyingine. Soul Blade, iliyofika PlayStation 1996 nchini Japani, ina kitufe cha kukinga na mstari wa pili chini ya uhai: uhai wa silaha. Ukikinga sana, upanga wako unachoka hadi unakutoka mkononi, unabaki na mikono mitupu. Mstari huo ukaondolewa walipoanza Soulcalibur mwaka 1998, lakini wazo halikufa. Kwenye Soulcalibur IV, ya 2008, anayekinga muda wote anaona taa ya roho yake ikigeuka nyekundu, na ikifika mwisho mpinzani anaweza kummaliza kwa pigo moja hata kama uhai umejaa. Mwaka 2018, kwenye Soulcalibur VI, wakajaribu kumbeba mgeni: kitufe kimoja, ukikishikilia mhusika anapokea mapigo na kuyapangua mwenyewe, kisha wachezaji wote wawili wanaingia kwenye mchezo wa kubahatisha wa pigo la mlalo, la wima na teke. Wakongwe wengi hawakuupenda. Nami sikuupenda. Sababu yangu ni kwamba unasimamisha pambano na kuweka kamari mahali palipokuwa na upanga. Hilo la mashine kupangua lisingenisumbua.

Jaribio lililo safi kuliko yote ni la Capcom mwaka 1995, kwenye Street Fighter Alpha, na ni la kushangaza kwamba halitajwi. Kabla ya pambano unachagua mwenyewe: mkono au mashine. Ukichagua mashine, mhusika anakukingia, lakini kwa idadi maalumu ya mapigo tu, na nguvu yako ya pigo kuu inapunguzwa. Mwenye kuchagua mkono anabaki na nguvu zote. Hapo mgeni na mkongwe wanaweza kukaa benchi moja. Hakuna anayemdharau mwenzake, maana kila mmoja ameona mwenzake amelipa nini.

Kuna gemu moja ambalo watu wake wamegawanyika hasa kwa jambo hili: Mount & Blade la TaleWorlds, kampuni ya Ankara, Uturuki. Lilitoka 2008, na toleo la Warband likafuata 2010. Uko juu ya farasi au chini, una upanga, na mapigo yanakuja kutoka pande nne: juu, kushoto, kulia, na la kuchoma. Ukiwa huna ngao, upanga wako lazima ukinge upande uleule pigo linakotokea. Kwenye mipangilio kuna chaguo: mashine ikutafutie upande, au uutafute mwenyewe kwa kusogeza mausi. Ukicheza peke yako dhidi ya kompyuta, chagua upendalo. Lakini Warband ilipoleta mapigano ya watu hadi 64 kwa intaneti, mwenye seva akapewa mamlaka ya kuamua kwa niaba ya wote, na seva za wapiganaji wa kweli zikaweka mkono.

Nilijaribu yote mawili kwa kompyuta ya kuazima. Kwa mashine, pambano la watu wawili wasio na ngao halina mwisho: kila pigo linakingwa, mnabaki kugonganisha vyuma kama mafundi wa bati pale Mabatini. Kwa mkono, pambano linaisha ndani ya nusu dakika. Mtu anaanza kupiga kulia, anabatilisha, anapiga juu, na wewe umekwisha. Hila yote ya gemu hilo iko kwenye kudanganya upande, na mashine haidanganyiki. Hapa, na hapa tu katika magemu niliyoyataja, naungana na wa mkono bila masharti: kinga ya mashine ya Warband haitozi chochote, hivyo inaua kitu kilichowekwa ili kiwe mchezo. Ukitaka wepesi, chukua ngao. Ngao inakinga pande zote nne, ila inavunjika.

Habari ya ngao kuvunjika na kuchosha niliwahi kuelezwa vizuri na mtu asiyecheza. Nje ya duka linalopakana na banda kuna mlinzi, mzee wa Kimasai, anayekuja jioni na kusimama mlangoni akiangalia TV ya kona huku sime iko kiunoni. Siku hiyo kulikuwa na mtu ameleta Dark Souls kwenye PS3, anatembea ndani ya ngome na ngao imenyanyuliwa muda wote.

"Huyo ngao yake ya nini?" mzee akauliza.

"Ya chuma, mzee."

"Basi hana mkono huyo. Ngao ya ngozi ya nyati tu ukiishika hivyo, ukifika hapo nyumba ya tatu umeishusha."

Alikuwa ameusoma mfumo wa gemu hilo la 2011 bila kugusa pedi. FromSoftware wameweka mstari wa pumzi: ukiinua ngao pumzi inarudi polepole, kila pigo linaloigonga linaimeza, ikiisha mikono inafunguka na unakatwa. Wachezaji wazuri wanatembea ngao ikiwa chini. Na cha ajabu, kampuni hiyohiyo miaka minane baadaye, kwenye Sekiro ya 2019, ikageuza kila kitu. Hakuna pumzi. Ukishikilia kinga, mizani ya mwili wako inarudi haraka zaidi. Lakini ushindi unatoka kwa kupangua, yaani kubonyeza kitufe kilekile wakati hasa chuma kinapogusana, na ukianza kukibonyeza ovyo kama anayepiga kengele, nafasi ya kufanikiwa inapunguzwa. Kitufe kimoja, kazi mbili, na hukumu inatolewa na wakati.

Kitu kama hiki kipo nje ya TV. Lamu kuna kirumbizi: duara la watu, ngoma na zumari, wawili wanaingia katikati na bakora, mmoja anapiga na mwenzake anakinga. Oman wana razha, iliyochezwa pia Unguja enzi za masultani, kwa upanga na ngao ndogo ya duara. Katika michezo hiyo kukinga ndiyo sehemu inayotazamwa. Pigo linatolewa ili kinga ionekane. Ndiyo maana sishangai mtu wa banda anaposhangilia bloki nzuri kuliko pigo. Wale wanaosema kukinga ni uoga hawajawahi kusimama kwenye duara.

Sasa nirudi Buzuruga, kwa sababu mambo mengi yanayosemwa kuhusu ustadi wa mkono yanasemwa na watu wenye pedi mpya.

Banda halina pedi mpya. Banda jingine ninalokwenda, upande wa Nyakato, lina Mortal Kombat ya 2011 kwenye PS3. Kinga iko kwenye R2, kile kitufe cha nyuma kinachobonyea kama kifyatulio. Kwenye pedi ya kushoto R2 imelegea. Mwenye banda ameifungulia mara mbili, akaweka kipande cha mpira wa ndala ndani, na sasa inashika mpaka ukiisukuma kwa nguvu, kisha inaachia yenyewe. Ukikinga mapigo manne, la tano linakupata. Watu wametunga sheria: mshindi anayebaki ndiye anachukua pedi mbovu. Ni sheria nzuri, inamrudisha bingwa duniani. Lakini inaonyesha kwamba kinga ya mkono inapima mkono pamoja na mpira wa ndala. Kwenye Tekken, ambako mtu anakinga akiachwa, pedi mbovu haikuonei sana.

TV nayo ina neno. Ile ya chogo pale Buzuruga, nzito, ambayo kila mtu anaicheka, inaonyesha picha papo hapo. Flati zile tatu za mpira, zisiporekebishwa kwa ajili ya gemu, zinaichakata picha kwanza na kuichelewesha kidogo. Kidogo hicho hakionekani kwenye pasi ya mpira. Kwenye kupangua kinaonekana, maana gemu linachora picha 60 kwa sekunde na nafasi ya kupangua inahesabiwa kwa picha chache. Wakati fulani mwenye banda alihamishia mapanga kwenye flati ili kupendezesha, na ndani ya wiki mashujaa wetu wa kupangua wakawa watu wa kawaida. Waliomba chogo irudishwe. Nadhani ndiyo TV pekee ya chogo katika mtaa ule inayopendwa.

Kwa intaneti ndiyo usiseme. Seva nyingi ziko Ulaya au Afrika Kusini. Unapoliona pigo hapa Mwanza, kule limeshaanza kitambo. Jicho na kidole vya binadamu vinachukua takriban robo sekunde, ongeza safari ya kwenda na kurudi, na upanga umeshapita shingoni. Mchezaji wa huku anayecheza na mtu wa mbali anajifunza kukisia badala ya kuona. Ukimwambia kinga ya mashine ni ya wavivu, atakuuliza wewe umeunganishwa wapi.

Halafu kuna biashara, ambayo wachambuzi wa kwenye vyumba vyao hawaioni kamwe. Aliyepigwa analipa, kwa hiyo mwenye banda anapata hela pale tu mtu anapopigwa. Wawili wanaokinga vizuri ni hasara. Mwenye banda wetu alipoona mapambano yanakokotwa, akapunguza muda wa raundi. Alidhani amewalazimisha wapigane. Kilichotokea ni kinyume chake: muda ukiisha anashinda mwenye uhai mwingi, basi bodaboda akawa anapiga pigo moja la kuvizia mwanzoni, kisha anashikilia kinga hadi saa inakwisha. Mwezi mzima tulicheza mchezo wa kukaa. Mwishowe muda ukarudishwa, na watu wakaanza tena kukatana.

Wapenzi wa mpira wangetuambia mapema kama tungewauliza, kwani wao wamelipitia hili. Zamani kwenye FIFA ulikuwa unashikilia kitufe kimoja na beki anamfuata mtu na kumnyang'anya mwenyewe. FIFA 12, ya 2011, ikaleta ukabaji ambao beki anasimama tu mbele ya mtu na wewe ndiye unayechagua wakati wa kutia mguu. Kelele zilikuwa zilezile: hawa wanasema tumeharibiwa mpira, hawa wanasema sasa ndiyo mpira. Golikipa, hata hivyo, hakuna aliyelalamika kwamba anadaka mwenyewe. Kila mtu alikubali kwamba mikono ya kipa ni ya mashine, na lawama ya goli ni ya aliyemwacha mshambuliaji apite.

Nikiulizwa gemu limpe nini anayeanza, siungi mkono kumwekea mashine ya bure wala kumtupa ajifie. Star Wars Jedi: Fallen Order, ya 2019, ina njia ninayoipenda: panga za mwanga unakinga na kupangua kwa mkono wako, lakini ukichagua kiwango chepesi, nafasi ya kupangua inatanuliwa. Kidole ni chako, kosa ni lako, mlango tu ndio umefanywa mpana. Mwenye mkono usiosikia vizuri, au mwenye pedi ya ndala, anapita. Street Fighter 6, ya 2023, inaruhusu kompyuta ichague mapigo kwa niaba yako kwenye vita vya nyumbani na kulikataza hilo kwenye vita vya intaneti. Huo nao ni mpaka wa busara, unaofanana na ule wa Warband: peke yako jibebe utakavyo, mbele ya mwenzako, muulize.

Yule dogo alirudi. Alikuwa ameshaambiwa kitufe ni X, na akawa amekifanyia mazoezi kwa bidii ya mtu aliyedhalilishwa hadharani. Mitsurugi wake sasa alisimama upanga umekingamishwa kifuani, na kila gongo la bodaboda liligonga chuma. Juu, chini, juu. Watu wakaanza kumshangilia, bodaboda akaanza kutoka jasho, abiria akaitwa na mtu mwingine nje. Nusu raundi nzima dogo hakuachia X.

Bodaboda akasogea hadi karibu, akabonyeza vitufe viwili pamoja. Kilik akamshika Mitsurugi kola, akamzungusha, akambwaga chini, kisha akambwaga tena alipoinuka.

Dogo aliangalia kidole gumba chake. Kilikuwa bado kimebonyea X, kimekuwa cheupe kwa kukazwa.

"Mbona nilikuwa nimebloki?"

"Kumshika mtu hakublokiki, dogo. Mia mbili," mwenye banda akasema, na kumwita anayefuata.